Mkono wa Babu Yako

Kendi, wajina wangu,

Hapa Muthara tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike, na babu yako anakula vizuri.

Umeniuliza kwa nini, tangu kiharusi kimpokonye maneno, hakupungii mkono kwenye simu ya video ukimwomba, na mkono wenyewe unashika jembe. Unaogopa amekusahau.

Nilipokuwa msichana, baba yangu alipatwa vivyo hivyo. Siku moja alihangaika kutuambia kitu, nami nikamfokea: "Kama huwezi kusema, si uonyeshe na mkono!" Akauinua, ukazunguka hewani kama anafunga miraa, kisha akautazama kama si wake. Akalia. Mama hakunigombeza. Alileta kikombe, sweta na kofia, akaviweka mbele yake. Baba akachukua kofia, akaivaa sawasawa. Alitaka tu kwenda kuona miti yake ya miraa.

Juzi daktari alinieleza kwamba hata ishara hupangwa kichwani, karibu na pale maneno yanapopangwa, na kiharusi kinaweza kuharibu kote kuwili. Mkono una nguvu, lakini ukiambiwa ufanye, unapotea njia. Asipofikiria, wakati mwingine unakumbuka wenyewe.

Kwa hivyo usimwombe, mama. Mpigie hadithi tu. Jana ulipokata simu, nilirudi kuichukua nikamkuta bado anaitazama, kioo kimeshazima, na mkono wake unapunga.

Ni mimi nyanya yako,
Kendi mkubwa