Mwalimu Ge Hajui Kushindwa

Huaihua, 6 Machi 2018

Mwanangu Ruoqing,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tangu mvua zianze linatangaza hali ya hewa kabla ya redio. Unakula vizuri huko hospitalini, au nyie wauguzi bado mnaishi kwa tambi za pakiti huku mkiwaambia wagonjwa wale mboga?

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu mama yako mdogo Guifang ndiye anayenisomea ujumbe wa simu, na anasoma kwa sauti ya mnadani. Jirani wa ghorofa ya juu alinipa hongera ya mchumba wako kabla mimi sijajua kama unaye. Basi tuandikiane, na kijana wa vifurushi apite huku na huko.

Nimesikia. Mzungu. Mwalimu wa Kiingereza, na jina lake la kwao ni gumu kiasi kwamba Changsha nzima mnamwita Mwalimu Ge. Guifang anasema nchi yao ina kondoo wengi kuliko watu. Sina neno na kondoo. Neno langu ni mshahara. Yuan elfu kumi na mbili kwa mwezi na chumba cha shule! Mkwe wa Guifang anauza makatapila, analeta nyumbani mara mbili ya hizo, na mkewe bado ananuna. Niambie kweli bila kupamba: mtu anaweza kuishi kwa hizo huko mjini? Ale, avae, aoe, mtoto augue homa, na asije kunigongea mlango?

Kitabu cha kaya kiko kabatini chini ya mablanketi, na ufunguo ninao shingoni. Bila kitabu hicho hakuna ofisi itakayowaandikisha ndoa, na mimi sikitoi mpaka niridhike. Usidhani nakuonea. Tangu baba yako atutoke sina mtu mwingine wa kumwogopea ila wewe.

Mama yako

*

Changsha, 13 Machi 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Nimekuwekea plasta za dawa kwenye kifurushi hiki. Bandika usiku, na usimpe Mama Mdogo, atazigawa kwa wacheza mahjong wenzake pale uani.

Kuhusu mshahara, unatosha kabisa. Chumba halipi, chakula cha mchana anakula shuleni, na mimi nami nina mshahara wangu. Wewe na Baba mlinilea kwa mshahara wa kiwanda cha chupa za chai, na sikumbuki kulala njaa.

Ila kuna jambo moja nalisema mwenyewe, maana ukiligundua utanifokea. Mwezi ukielekea mwisho, Mwalimu Ge anakula mikate ya mvuke na achari tu. Hachezi kamari, hanywi, hadaiwi. Nikimuuliza pesa zimekwenda wapi, anatabasamu na kusema, "Adabu ina gharama zake." Sielewi, Mama, na nampenda.

Njoo umwone mwenyewe kabla hujahukumu.

Mwanao

*

Huaihua, 2 Aprili 2018

Mwanangu,

Tumerudi salama kutoka huko kwako. Bora ulikuwa zamu jioni ile, maana ungezimia, na hospitali ingepoteza muuguzi na kuongeza mgonjwa.

Mwalimu Ge alitupokea stesheni, mimi na shemeji Deshan, mume wa Guifang. Mrefu, mpole, ananiita Shangazi, akanibebea hata mkoba wa miwani. Nikasema moyoni, haya, huyu anafaa. Jioni nikawaalika mimi: kichwa cha samaki kwa pilipili, nyama ya moshi, mboga za majani. Pilipili alikula bila kutoa chozi, nikampa alama.

Bili ikaja. Nikainuka. Naye akainuka. Nikamsukuma kidogo, kama mtu yeyote mwenye adabu. Akanisukuma! Nikamwambia, "Kaa, mwanangu, nyie nimewaita mimi." Akasema, "Haiwezekani, Shangazi, utaniua kwa aibu!" Nikamkamata koti. Akavua koti, akaniachia mkononi, akakimbia kwa keshia na shati lake.

Sasa Deshan, unamjua. Tangu amwoe mdogo wangu, mkono wake huanza safari ya kwenda mfukoni wakati wa matunda, na haujawahi kufika. Akaanza kuupeleka polepole kama kawaida yake. Mwalimu Ge alipouona akarudi mbio, akamkumbatia kwa nyuma, wakaenda hivyohivyo mpaka kwenye tangi la samaki mlangoni. Kiwiko cha Deshan kiliingia majini. Njia nzima ya kurudi alikuwa akilalamikia koti lake, na hakuwa amelipa hata chai.

Asubuhi tambi zilikuwa zimelipiwa kabla hatujakaa. Teksi alimlipa dereva kupitia dirishani, gari likiwa bado linasimama. Nilitaka kununua machungwa ya majirani, nikaambiwa tayari.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwa mtu wa namna hiyo elfu kumi na mbili hazitoshi, na elfu arobaini pia hazitoshi. Ama ni mjinga, ama ana jambo analificha. Nilimpenda, ndiyo maana nimekasirika. Kitabu kinabaki chini ya mablanketi.

Mama yako

*

Changsha, 11 Aprili 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. Samahani sikuja kufagia kaburi la Baba sikukuu ya makaburi safari hii. Ulimpelekea yale machungwa? Goti linasemaje?

Nimemkalisha Mwalimu Ge chini nikamuuliza. Mama, sijui nicheke au nilie. Alipofika nchini, wiki ya kwanza kabisa, mwalimu mwenzake alimwambia, "Hapa kwetu mtu asiyegombea bili hana adabu. Gombea kwa nguvu zako zote." Naye amegombea. Anatimiza mwaka wa pili sasa, na hajawahi kushindwa hata mara moja. Anajisifu! Alinionyesha kovu alilopata kwenye mlango wa mgahawa mmoja.

Walimu wenzake wameshamjua. Wakitamani chungu cha mchuzi mkali, wanamwalika wao, wanakula mpaka jasho linawatoka, kisha mmoja anainua kitako kidogo na kusema, "Jamani, hii yangu." Hapo Mwalimu Ge ameshafika kwa keshia. Nilipomwambia watu wanagombea ili mmoja wao ashindwe, aliduwaa. Akasema, "Sasa mbona hakuna aliyenifundisha kushindwa?"

Mimi siwezi kumfundisha, Mama. Sisi wauguzi kila mtu anajilipia kwa simu yake. Aliyejua kushindwa alikuwa Baba. Nakumbuka alivyokuwa akishikana na watu mpaka mlangoni, kila mtu akimshangilia, na bado tunarudi nyumbani na nauli ya mwezi mzima. Wewe ulikaa naye meza moja miaka yote ile. Mfundishe.

Mwanao

*

Huaihua, 22 Aprili 2018

Mwanangu,

Goti limetulia, plasta ni nzuri, na Guifang ameiba mbili tu.

Nimecheka mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Kisha nikaingiwa na huruma. Miaka yote hii anakula mikate mikavu akidhani ndiyo heshima! Na hao walimu wenzake waone haya.

Mwambie hivi. Aliyealika ndiye anayelipa, hilo halina mjadala. Mgeni anagombea ili mwenyeji aonekane ni mkarimu, si ili amfilisi. Anamshika mwenyeji kwa nguvu mara ya kwanza, mara ya pili analegeza, mara ya tatu anamshika mkono tu na kuuacha, akisema, "Basi, umenishinda, zamu ijayo ni yangu." Na zamu ijayo iwe kweli yake. Baba yako alikuwa anaongeza kidogo: anapouachia mkono anaugusa kwa juu, hivi, kama anayekuombea heri. Watu walikuwa wanalipa kwa furaha. Mimi mwenyewe niliolewa kwa ajili ya ule mkono, kama hukujua.

Afanye mazoezi na wewe. Sikukuu ya mashua njooni nyumbani. Nataka nimwone akishindwa mbele ya macho yangu.

Mama yako

*

Changsha, 14 Juni 2018

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari mbaya kwanza: zamu yangu imeangukia sikukuu, na aliyepaswa kunishikia amejifungua. Habari nzuri: mwezi uliopita uliisha na Mwalimu Ge alikuwa bado anakula nyama. Walimu wenzake wamenuna.

Anakuja peke yake. Tumefanya mazoezi jikoni tukigombea sahani ya maandazi mpaka tumechoka. Bado anashika kwa nguvu mno. Ananiuliza usiku na mchana, "Na nikisahau nikashinda?" Mama, asipofaulu usimfukuze. Mwache ale kwanza wali wa sikukuu uliofungwa kwa majani, kisha nipigie. Nitakuwa nimekaa karibu na simu nikijifanya napanga dawa.

Mwanao

*

Huaihua, 21 Juni 2018

Mwanangu Ruoqing,

Hujambo, na zamu zimekwishaje? Mimi ni mzima. Najua umepiga simu mara nyingi. Nilikuwa nafikiri, na siwezi kufikiri huku nazungumza.

Tulikwenda mgahawa wa pale darajani. Safari hii Deshan ndiye aliyetangaza kwamba anatualika, kwa sauti, mbele ya majirani wote, maana anakumbuka Changsha. Aliagiza kamba wa mtoni, bata, na pombe ya chupa ya buluu. Nikajua anachokitaka.

Wakati wa matunda mkono wa Deshan ukaanza safari. Mwalimu Ge akainuka. Akamkamata Deshan kifuani, wakasukumana mpaka kwa keshia. Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amelegeza. Akamshika Deshan mkono, ule wenye pochi, akauweka mwenyewe juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Baba Mdogo, leo umenishinda! Zamu ijayo ni yangu." Watu wakapiga makofi. Deshan akabaki pale na pochi yake, keshia akiwa amempa tabasamu. Alilipa, mwanangu. Guifang alilia, sijui kwa furaha au kwa uchungu. Mpaka leo Deshan anasema kifua kinamuuma.

Sasa sikiliza hili. Asubuhi alipokuwa anaondoka nilimpa bahasha nyekundu ya pesa, maana ni mara yake ya kwanza kuingia nyumbani kwetu. Akaikataa. Nikamtia mfukoni, akaitoa. Nikamtia tena. Mara ya tatu akaichukua, akanishika mkono, akaugusa kwa juu. Nikasema, amefaulu, na nikamsindikiza mpaka kituoni bila kuhisi goti.

Jioni nikaenda kupima mchele. Bahasha ilikuwa ndani ya debe, imefukiwa kwenye mchele, haijafunguliwa.

Hilo sikumfundisha mimi. Wewe pia huwezi kuwa umemfundisha, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Kila mwaka mpya bibi yako, mama yangu, alimpa baba yako pesa, naye alizipokea kwa heshima zote, na kila mwaka bibi yako alizikuta kwenye mchele wake. Alikuwa akisimama jikoni akilia na kusema, "Nyumba hii ina panya wa ajabu, wanaleta badala ya kuiba." Mimi nami nimesimama jikoni vilevile, na nimelia, na wali wa siku hiyo sikuupika.

Nilikuuliza kama mshahara wake unatosha. Unatosha. Kitabu cha kaya kimo humu kwenye kifurushi, kimefungwa kwenye kitambaa cha baba yako. Kishikeni vizuri, ukurasa wa mwisho umeanza kung'oka.

Kijana wa vifurushi nimeshamlipa. Mwambie Mwalimu Ge asimkimbize.

Mama yenu