Tasbihi za Marehemu Baba

Fairuz, wamezuia tasbihi zangu bandarini Mokowe. Zote mia tatu! Zile za betri, za kubonyeza kuhesabia, nilizoagiza Dubai tugawe sadaka kwenye Maulidi.

Eti ni vifaa vya umeme. Tasbihi! Afisa wa mazingira anasema hata iwe ndogo kama kidole, ikiwa na betri lazima mzalishaji ajisajili, awajibike ikigeuka taka.

Nikamwambia hii ni ya dhikri, si redio. Akaigeuza, akasoma jina nililolichapisha ili watu wamuombee: Bwanamkuu Idarus.

"Mwenye jina ndiye mzalishaji. Yuko wapi?"

Yuko wapi, Fairuz! Nikamwambia ni baba yangu, marehemu. Wallahi akaliandika jina lilo hilo kwenye samansi.

Baba amekufa hana kesi na mtu. Leo mimi mwanawe nimempelekea kesi kaburini.