Nifundishwe Mkeka Nilioufuma Mwenyewe?

Mama Asteria, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na naomba unishauri kabla ya Jumamosi, maana nikifika pale nilivyo sasa nitaharibu.

Mimi naosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo mmoja huku Geita, tuko wanawake kumi na wanne kwenye kikundi, na kwenye mialo ya jirani wanakamata dhahabu kwa zebaki, wanaishika kwa mikono mitupu, lakini mimi zebaki niliiacha miaka sita iliyopita mikono ilipoanza kutetemeka, nikakumbuka mikeka ya katani aliyokuwa akifuma marehemu mama yangu kule Kolandoto, nikafuma wa kwangu wenye mafundo, nikautandika kwenye ubao wa kuoshea, na ile dhahabu laini inayokimbia na maji ikawa inanasa, nikawafundisha wenzangu wote.

Mwaka juzi akaja Dokta Magesa wa chuo kikuu na mhandisi wa kiwanda cha mashine, wakasema chuo na kiwanda wana ushirikiano wa utafiti, nikawapikia ugali na mlenda, Dokta akakaa juu ya ndoo yangu siku tisa akinitazama nafunga mafundo, anauliza kwa nini hivi na si vile, namjibu yote, na siku ya mwisho tukafanyiwa semina, ikapitishwa karatasi, akaniambia, "Mayu, mama yangu, saini hapo, ni mahudhurio tu, mpate soda na chakula," nikasaini, sote tukasaini, kwa sababu semina zote huwa hivyo.

Sasa wameleta mwaliko wa uzinduzi wa mashine yao ya kuoshea dhahabu, Jumamosi hii, na kwenye kipeperushi kuna picha ya mkeka wangu ukiwa ndani yake, mpaka upindo wa uzi mwekundu niliouiga kwa mama yangu upo, wameandika umebuniwa na wataalamu, na mimi ni "mnufaika aliyepewa mafunzo", tena nipande jukwaani nishukuru. Dokta alipouleta aliniamkia, na badala ya marahaba nikamwonyesha ile picha. Nilipomuuliza akasema nilisaini mwenyewe kwamba nimefundishwa. Katibu wetu Anisia ananisihi ninyamaze, kwamba mashine ya kwanza tumeahidiwa sisi na nikileta maneno itapelekwa kwingine. Mimi nataka kuichoma mikeka yote. Nifanye nini?

Elieth, Geita

Marahaba, Elieth. Weka kiberiti chini. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekasirika mara mbili, kwanza kwa huyo Dokta, halafu kwako.

Chuo na kiwanda kushirikiana si kosa. Chuo kina maabara ya kupima mkeka unanasa kiasi gani, kiwanda kina mafundi wa kutengeneza mashine mia, na bila wao akina mama wa mialo mingine wataendelea kutetemeka mikono. Hivyo ndivyo nchi inavyopata ajira na viwanda. Lakini katika ushirikiano huu kuna mtu wa tatu, naye ni wewe. Msomi anayekula ugali wako siku tisa halafu akakuandika mwanafunzi wake ni mwizi, na shahada haibadilishi neno hilo.

Na wewe. Kusoma unajua, ila ulisaini kwa sababu ya soda. Tunafanya hivyo wote, semina hadi semina, na hakuna anayeangalia juu pameandikwa nini. Acha.

Leo hii nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, wote kumi na wanne, Anisia akiwemo, muandike nani alimfundisha nani na tangu lini. Nakala moja ipeleke kiwandani, nyingine chuoni, kwenye ofisi inayosimamia utafiti, si kwa Dokta. Dai nakala ya ulichosaini. Dai jina lako liwe kwenye ubunifu na kikundi kiwe kwenye mkataba, na usisaini kingine mpaka mwanasheria akisome. Anisia mwambie kwamba mashine mnayopewa ili mnyamaze itaondolewa siku mtakapofungua mdomo.

Na Jumamosi nenda. Vaa vizuri, beba katani, panda jukwaani, ila usishukuru. Mkabidhi Dokta hiyo katani mbele ya wageni wote, umwambie kwa adabu, "Mwalimu, nimesahau ulivyonifundisha. Nifungie fundo moja." Kisha nyamaza, umsubiri amalize.