Mwakio, Nilikurudisha Uwanjani Nikijua

Mdogo wangu Mwakio,

Najua barua hii hutaisoma mwenyewe. Mama ameniambia kwamba ukisoma mistari mitatu tu herufi zinaanza kucheza, na kichwa kinakuuma mpaka ulale. Basi atakusomea yeye, barazani, kwa sauti yake ile ya mwalimu wa darasa la nne, na akikuta nimekosea mahali atasimama kwanza alalamike. Mwache alalamike. Nimeiandika iwe wazi, na nakala nimempa mchungaji wetu hapa Birmingham aisome mbele ya watu, kwa sababu habari waliyoiombea watu wote hao, huku na huko Voi, siyo iliyotokea.

Lakini nitaanza mbali kidogo. Niruhusu.

Unaikumbuka siku uliyofika? Nilikuleta kwangu Nechells, ukasimama dirishani na koti bado mwilini, ukatazama nje kwa muda. "Kaka, ndiyo Uingereza hii? Mbona ni magodauni matupu?" Nikakuambia subiri uone Edgbaston, huko kwenye hospitali yangu kuna miti na nyumba za matajiri. Ukasema, "Kwa hiyo wewe unawauguza matajiri halafu unalala godauni." Tulicheka sana. Kesho yake Mama alipiga simu akataka aongee na mimi peke yangu. Alisema neno moja tu: "Mwangalie."

Ulikuja kusomea uhandisi wa maji. Mpira ule hukuujua kabisa. Mimi niliupata nilipokuwa mwanafunzi hapa, ukanivaa kama ugonjwa, na hata baada ya kuwa muuguzi niliendelea kwenda kuisaidia timu ya chuo kila Jumapili. Futiboli ya Kimarekani, katikati ya Uingereza, kwenye uwanja wenye matope kuliko nyasi, mbele ya watazamaji ambao wengi wao walikuwa wapenzi wa wachezaji. Kocha mkuu alishughulika na ulinzi. Mashambulizi yalikuwa yangu. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na kabla ya kila jaribio lazima mtu aamue: mpira apewe mkimbiaji apenye nao, au mrushaji aurushe kwa wadakaji walio mbele? Mtu huyo alikuwa mimi, na karatasi yangu ndani ya mfuko wa plastiki isilowe.

Ulikuja kuniangalia ukasema, "Yaani wanaume wazima wanagombania yadi kumi?" Wiki ya pili ukaomba viatu. Ulikuwa umecheza raga shuleni, na mara ya kwanza ulipopewa mpira uliwapita watu watano, ukaendelea kukimbia hata baada ya mstari wa mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuambia usimame wapi.

Tukawa watatu wenye Kiswahili: wewe, mimi, na Pacifique, mrushaji wetu, ambaye wazazi wake walitoka Uvira wakiwa wakimbizi. Wewe ndiye uliyetoa wazo la kuita michezo kwa Kiswahili ili wapinzani wasielewe. Mchezo wa kukimbiza mpira katikati tukauita sima. Pasi fupi, mchuzi. Pasi ndefu, samaki. Wale Waingereza wetu wakajifunza, kila mmoja na matamshi yake. Yule mkubwa wa mstari wa mbele alikuwa akisema "simaa" kama anaita paka. Na unakumbuka mechi ile ambayo beki wa upande wa pili, jitu zima, alisikia Pacifique akiita sima, akasimama wima na kupaza sauti, "Karibuni mezani!" Mtoto wa Kisumu. Alikuangusha vibaya, kisha akakuinua akakuuliza kwenu ni wapi.

Msimu ule wa kwanza nilichagua vizuri. Nalisema bila kujisifu, kwa sababu ndilo jambo pekee nililowahi kulifanya vizuri kwenye nyasi zile. Nilichanganya. Nilikupa wewe mara mbili, tatu, walinzi wakaanza kusogea mbele kukungoja, ndipo Pacifique akarusha juu ya vichwa vyao. Wakirudi nyuma kulinda pasi, nakupa wewe tena. Wakawa hawajui wakae wapi. Siku moja tulifanya ule uongo: Pacifique akajifanya anakupa mpira, nawe ukaikunja mikono tumboni, ukajitupa katikati yao. Wanaume wanne walikulalia. Mpira ulikuwa umeshafika kwa mdakaji wetu, peke yake, anatembea mpaka mwisho. Ulipotoka chini ya lile rundo ulikuwa ukicheka mpaka machozi. "Kaka, niliwadanganya wote. Hata mimi mwenyewe nilidhani ninao."

Hicho kicheko ninacho bado. Afadhali nisingekuwa nacho.

Msimu wa pili mambo yalibadilika, na nataka watu waelewe yalibadilikaje, maana hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Wadakaji wawili wazuri walimaliza masomo wakaondoka. Waliobaki walikuwa waoga wa mpira wa baridi. Mvua haikukatika. Pacifique akawa analalamika, "Kocha, mi niko natupa muzuri, ni bale ndo banaangusha." Alisema kweli. Kisha katika mechi moja tuliyokuwa tunaongoza, niliita samaki, mlinzi akaidaka pasi yetu akakimbia nayo mpaka mstari wetu wa mwisho, tukashindwa. Hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu siku ile kila nilipotazama upande wa pasi kwenye karatasi, nilihamisha macho upande wa kukimbiza. Nikawa nakuita wewe tu. Sima, sima, sima. Ulikuwa unapata yadi nne, yadi tatu, mara moja moja unachomoka, na tukawa tunashinda kwa tabu. Wenzangu walinipongeza. Walisema nimepata njia.

Njia ilikuwa mwili wako.

Wapinzani hawakuwa wajinga. Walianza kuleta watu wanane mbele, wote wanakungoja wewe, kwa sababu walijua hatutarusha. Ulikuja jikoni kwangu Jumatano moja, ukaitandaza karatasi yangu kando ya sufuria, ukapitisha kidole. "Huku umeandika pasi nyingi, nzuri kabisa," ulisema. "Lakini Jumapili unasoma upande mmoja tu. Kaka, sima tupu haimezeki. Tia mchuzi."

Nikasema wadakaji hawadaki.

"Hata wakiangusha. Rusha tu, ili wale wanane wasinisubiri mlangoni. Wamenizoea. Nikigusa mpira tu wameshafika."

Nikakuahidi. Nikakupakulia chakula, tukaongea habari za kwetu. Jumapili ilipofika nilikupa mpira majaribio sita ya kwanza mfululizo.

Sasa Mama, najua ni wewe unayesoma. Hapa usiruke, na usimwangalie yeye usoni kwanza. Soma mpaka mwisho.

Mwakio alipigwa kabla ya mapumziko. Mlinzi wao alimwingia kwa kofia ngumu, kichwa kwa kichwa, na mlio wake niliusikia kutoka pembeni. Aliinuka. Alirudi kwetu akitembea sawasawa, akaketi kwenye benchi akafunika macho kwa viganja. Nikachuchumaa mbele yake. Akaniambia, "Kaka, mwanga unanichoma." Mbingu ilikuwa ya kijivu tangu asubuhi. Hakukuwa na jua lolote.

Mimi ni muuguzi. Kazini nimeuliza watu waliopigwa kichwani maswali yale yale mara nyingi mno. Nikamuuliza tuko wapi, akajibu. Nikamuuliza leo ni siku gani, akajibu. Nikamuuliza tunacheza na nani, akaitaja timu ya Jumapili iliyotangulia. Nilisikia vizuri. Nikamwambia, "Hao ni wa wiki jana," naye akanitazama kama mtu anayengoja kuambiwa la kufanya. Msichana wetu wa huduma ya kwanza akaja na begi lake, akauliza kama amtoe. Nikamjibu, "Nimeshamwangalia mimi. Yuko sawa." Alijua kazi yangu ni nini. Aliniamini, akafunga begi.

Tulikuwa nyuma kwa pointi chache. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine mwaka mzima, sijaipata.

Baada ya mapumziko nilimpa mpira mara tatu. Mara ya tatu Pacifique alikuja pembeni akaniomba, "Kocha, acha nitupe hii." Nikamwambia cheza kilichoitwa. Walinzi wanane walikuwa wamejipanga kama waliosoma karatasi yangu. Pacifique alimkabidhi mpira, wakamfikia wote pamoja, na safari hii Mwakio hakuinuka. Mikono yake ilikakamaa mbele yake. Nilijua maana yake kabla sijafika: ubongo umeumia.

Mdogo wangu, narudi kwako. Wiki zile za hospitali hunazo akilini, na ni afadhali. Ila kuna siku moja nadhani unayo, kwa sababu ndiyo iliyobaki kati yetu. Ulikuwa umeanza kuongea, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama alikuwa kwenye simu, ameiweka sauti juu huko kwetu ili majirani wasikie. Akauliza, "Ilikuwaje, wanangu? Danieli, ilikuwaje?" Nikafungua mdomo. Ukanitangulia. "Mama, ni mimi," ukasema. "Nilitaka mpira. Kaka alinikataza."

Ulipata shida kuyatamka maneno hayo, moja moja. Na mimi niliyekuwa na ulimi mzima, nilinyamaza.

Mama akalia akasema, "Tangu utoto husikii la mkubwa." Nikanyamaza tena. Kanisani wakaombea kijana mkaidi ambaye kaka yake alijaribu kumwokoa. Wamama walinishika mikono. Pacifique peke yake hakunishika. Alinitazama kule mlangoni, akasema, "Vraiment, kocha? Kweli?" na tangu siku hiyo hatujaongea. Nimeirudia hadithi yako mara nyingi hivi kwamba mwaka huu nilijikuta nikiisimulia kazini na maelezo ambayo hata wewe hukuyasema.

Muhula mmoja tu ulikuwa umebaki umalize masomo. Nilikupeleka nyumbani mwenyewe, miwani nyeusi usoni na mto shingoni, na njia nzima hukuniuliza kitu. Nilipoondoka Voi uliniambia, "Sasa nenda." Nilidhani unachoka. Mama anasema siku hizi simu ikilia na likatajwa jina langu, unainuka unashika ukuta, unatoka nje mpaka iishe. Anakuona huna shukrani. Anakugombeza kwa ajili yangu. Mama, mwache atoke. Ana haki. Wewe ulimkabidhi mkononi mwangu, naye alilichafua jina lake ili langu libaki safi, nami nikamwacha auchukue mzigo wote, yeye asiyeweza hata kubeba kikombe kilichojaa.

Hali yako naijua kuliko wanavyoijua wao. Nimesoma karatasi za madaktari. Wanakuambia uvumilivu, uvumilivu, na Mama ananiuliza ni lini utarudi chuo, nami humjibu tusubiri. Mama, hatarudi. Kilichokuwa cha kupona kimeshapona. Nisamehe kukuambia kwa barua.

Mimi niko hapa. Naenda kazini, narudi. Watu wakiingia wodini wamepigwa kichwa, nawauliza maswali yale matatu, na wakikosea moja nasimama palepale mpaka daktari aje, hata nikiitwa kwingine. Wenzangu wanasema nina makini. 

Jumapili iliyopita nilikwenda uwanjani. Nilikuwa sijaenda tangu uanguke. Nilisimama nje ya uzio, upande wa maegesho, kofia ya koti kichwani. Anayechagua mashambulizi sasa ni dada mmoja mwembamba, mwanafunzi wa udaktari wa meno. Anakimbiza, anarusha, anakimbiza. Wadakaji wao si hodari kuliko wale wetu. Waliangusha nyingi, naye akaendelea kurusha. Mchezo ukikaribia kwisha, wakiwa nyuma kidogo tu, mkimbiaji wao alipigwa. Aliinuka vizuri. Alipofika pembeni akapangusa macho, mara moja. Dada yule alimwendea, akasema naye maneno mawili hivi, akamvua kofia, akaenda kuiweka kwenye buti ya gari akafunga. Yule kijana alipiga kelele, akapiga teke chupa ya maji. Dada alikwisha kugeuka, anatazama karatasi yake.

Haikuchukua hata dakika moja, Mwakio.

Walishindwa. Wakakusanya vitu vyao, wakapanda basi, wengine wakiimba. Mkimbiaji alikaa dirishani, amenuna, anakula chipsi.

Sikuombi unijibu, na sikuombi unisamehe. Hiyo nayo ingekuwa kukupa mzigo mwingine uubebe. Mama akimaliza kusoma, kama unataka kutoka nje, toka.

Mimi, kaka yako mkubwa,
aliyeambiwa akuangalie.