Watoto wa Maganda ya Mgomba

Ikonge, Nyamira
Jumapili

Kwa kaka yangu Haron,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na wifi mko wazima huko Nakuru. Sisi tunapumua, mvua haijatutupa na majani chai tunachuma. Mama ndiye hali yake si nzuri, na nimeshika kalamu kwa sababu kwa simu ningekudanganya tena.

Binti yako Sheila alipokuja Januari, alimkuta Mama hajui hata jina langu. Mimi nilikuwa nimechoka kumsahihisha kutwa. Sheila hakumsahihisha. Alimletea maganda makavu ya mgomba, wakakaa uani wakisuka wanasesere. Kaka, Mama akaanza kuimba, akala bila kubembelezwa. Akawapa majina yetu sote, hata la Nyabuto wetu aliyefariki mchanga, jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele yetu. Mwenye jina lako alimfunga mgongoni akazunguka naye boma zima.

Mimi nikaona aibu. Mwaka huu nimechaguliwa kiongozi wa akina mama wa Dorkasi kanisani, na walikuwa waje Sabato alasiri kumwombea Mama. Nilijua watakavyosema: ajuza na visanamu, si uchawi huo? Nawe wajua huku kwetu kikongwe akishanong'onwa hana wa kumtetea.

Kisha Mama akanyamaza. Ulipopiga simu kuuliza kulikoni, nilikuambia Sheila amemvuruga akili kwa michezo ya kitoto. Ukamfokea mwanao, akafunga mizigo akilia.

Ulimkaripia asiye na kosa. Ni mimi, Haron. Ijumaa ile nikisafisha nyumba kabla jua halijatua, Sheila akiwa sokoni Nyaramba, niliwatia motoni wanasesere wote saba, Mama akitazama. Sheila alijua, ila hakuweza kumuumbua shangazi yake mbele yako. Nilijiambia namlinda Mama. Uongo mtupu, nililinda cheo changu. Hao Dorkasi walipokuja waliuliza tu kama amekula.

Nimempelekea maganda mapya, hayagusi. Nimemwomba msamaha, haelewi naomba nini. Jina langu bado halijui, lakini uso wangu sasa anaujua. Kila nikiwasha moto ananisihi nimchome yeye, niwaache watoto.

Mrudishe Sheila, hata ikibidi mimi niondoke. Nisalimie wifi, na kama utanisamehe, usiharakishe.

Dada yako,
Esnah