Baiskeli Inayotangaza Mimba

Mpendwa mshauri, Ma Kokuberwa,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa, maana nimeuliza kwa paroko akacheka, nimeuliza kwa bwana afya akacheka zaidi, na mimi mwenyewe sicheki tena.

Mimi naitwa Alistidia, ni nesi mkunga katika zahanati ya kijiji huku Muleba, nimeolewa na Josia ambaye hupima kahawa kwenye ghala la chama cha ushirika, na nyumbani kwetu tuna amani isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni baiskeli. Niliachiwa na nesi wa Kizungu alipokuwa anarudi kwao, ni baiskeli ya kukunja, ina bawaba katikati ya fremu, akanieleza kwa furaha kwamba ikikunjwa inaingia hata chini ya kitanda, lakini hakunieleza itakavyolia ikikunjuliwa, maana ile bawaba inalia kama nguruwe anayekamatwa, cheni inasaga, madigadi yanagonga, na nikiteremka mlima kuelekea ziwani vyote vinalia pamoja hata wavuvi walioko majini hugeuka kutazama. Fundi wa Bukoba alikaza kila nati akaniambia sasa imepona, na kweli ilinyamaza mpaka nilipoipanda.

Watu hapa wameiita Redio. Nikisimama kwa mtu yeyote, hata kama ni kuomba maji ya kunywa, jioni utasikia, "Redio imezima kwa fulani," na maana yake ni kwamba pale kuna mimba. Kuna mjane mmoja nilisimama kumsalimia tu mbele ya mlango wake, kesho yake ndugu za marehemu mumewe wakaja kukaa kikao.

Sasa Ma, yupo dada mmoja, Joviana mke wa Karugendo, ambaye amekwisha kuharibikiwa mimba mbili, na mara zote mbili kijiji kizima kilikuwa kinajua, wakamhesabia miezi, na ilipoharibika wakaja kumkodolea macho. Safari hii alinishika mkono akasema, "Nesi, waitu, nakusihi, hii niache niibebe peke yangu kwanza. Njoo unipime nyumbani, lakini njoo kimya." Nikamwahidi. Nikaipaka bawaba samli ili ilainike, mbwa wa kijiji wakanifuata njia nzima wakibweka na kulamba fremu, nikarudi bila kufika. Siku nyingine nikaifunga bawaba kwa kanga na majani makavu ya mgomba, ikawa inalia kwa sauti ya chini kama mtu mwenye siri, watu wakatoka kuuliza Redio inaumwa nini. Mwishowe nikaamua kutoipanda kabisa, nikaikunja, nikajitwika kichwani juu ya ngata, nikapita katikati ya vibanja vya migomba polepole bila mlio wowote, nikafika mlangoni kwa Joviana nikimshukuru Mungu, nikainama kubisha hodi, na hapo ikajikunjua.

Mlio ule sijawahi kuusikia hata mlimani. Majirani walikuja na mapanga wakidhani ni mwizi wa ng'ombe, walipoona ni mimi wakateremsha mapanga, na mama mkwe wake Joviana akapiga vigelegele. Joviana alinitazama, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hanifungulii wala haji zahanati, tumbo limekuwa kubwa, na nilipomwona kwa mbali akitoka kuchota maji miguu yake ilikuwa imevimba. Ma, mimi nimezalisha wengi, na ile miguu inanitisha.

Ndipo nikasema baiskeli hii basi. Zahanati imekubali kuninunulia nyingine, na katika duka la Anatory pale Bukoba zipo mbili za magurudumu madogo, moja ni ya kukunja kama hii yangu ila mpya, na Anatory anaapa kwamba hailii, nikamuuliza haitalia kamwe, akasema, "Kwa sasa." Nyingine haikunjwi, fremu yake imeshuka chini unaipanda hata na gauni, na ni nyepesi ajabu, Anatory aliinyanyua kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika kikombe cha chai. Akaniazima hiyo nyepesi niijaribu kijijini.

Ma, haikutoa hata mlio wa sindano, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Nilipita kwenye shamba la kahawa la ujamaa saa za kazi, nikakuta majembe yamesimamishwa kwenye udongo na wenye majembe wamelala kivulini, na mwenyekiti wetu Ndugu Byabato yuko katikati yao, nikafunga breki karibu na miguu yake, akaamka akapiga kelele, "Tumevamiwa!" Watu wakakimbia hadi kijiji cha pili. Mchana ule ule nikaitwa kwa Klaudia aliyekuwa na uchungu, nikaingia, akanitazama akasema, "Wewe si nesi. Nesi anasikika kwanza." Nikamwambia Klaudia, ni mimi, Alistidia, tumesoma pamoja, akasema hata kama tumesoma pamoja mtoto huyu hatoki mpaka asikie Redio, watoto wote waliomtangulia walitoka kwa Redio. Nikamsihi, akabana. Ikabidi aitwe Josia kutoka ghalani, akapanda ile ya zamani akawa anaizunguka nyumba, amevaa aproni ya kazi, kuku wanakimbia mbele yake, na mtoto akatoka kweli, Ma, akatoka akilia kwa sauti ile ile.

Baada ya hapo kikaitishwa kikao cha kijiji. Ndugu Byabato akasimama akasema sauti ya baiskeli hii imekulia hapa, ni mali ya kijiji, na mtu mmoja hawezi kuiondoa kwa ubinafsi wake. Wakapiga kura, wote waliokuwa wamelala shambani wakanyoosha mikono, nikashindwa. Nikarudi nyumbani nikadhani angalau Josia atakuwa upande wangu, naye akasema baiskeli ya magurudumu madogo ni ya watoto, watu watamcheka. Nilipombana sana akatazama chini akasema, "Ukiwa mlimani nakusikia. Ukinyamaza nitajuaje kama umefika au umelala mtaroni?"

Sasa nishauri, ninunue ipi, au nibaki na hii? Kila nikichagua kuna mtu anaumia.

Wako mnyonge,
Alistidia, Muleba

Jibu la Ma Kokuberwa

Mwanangu Alistidia,

Kabla ya yote, majina ya watu wote hapo juu nimeyabadilisha, lako pia, na jina la kijiji nimelifuta. Wewe ulikuwa umeyaandika yote. Mwanamke amekushika mkono akakuomba ukimya, nawe ukaandika jina lake, la mumewe na hali ya miguu yake, ukayatuma gazetini yasomwe kuanzia Kashai hadi Kimwani. Ile bawaba ina nafuu, inasikika mlima mmoja tu.

Sisemi hivyo kukuvunja moyo. Nimeona kwamba una huruma, na mtu anayejitwika baiskeli kichwani kwa ajili ya mgonjwa wake si mtu mbaya. Lakini nimeisoma sehemu ile nikaweka miwani mezani. Alistidia, kwa nini hukuiacha nyumbani? Miguu unayo. Ulikuwa tayari unatembea!

Kwa kuwa uvimbe ule haungoji gazeti, siku ile ile nilikutumia neno kwa dereva wa lori la kahawa: nenda kwa miguu, leo. Dereva amerudi na habari kutoka kwako mwenyewe. Anasema ulikwenda, ukabisha, mlango ukafunguliwa nusu, nawe ukaanza kumweleza Joviana habari za samli, na mbwa, na kanga, na tofauti ya baiskeli mbili za Anatory, na mlango ukafungwa tena. Anasema Joviana alisema akiwa ndani, "Nesi, nilitaka mtu wa kunipima." Nimeshindwa hata kukukasirikia.

Haya, sasa nisikilize. Baiskeli chukua ile nyepesi isiyokunjwa. Ya kukunja inamfaa mtu wa kupanda meli pale Kemondo akaisukume chini ya kiti. Wewe hupandi meli, wewe unapanda mlima, na kila palipo na bawaba patalegea kwenye barabara zetu hizi. Ila usiridhike na kikombe cha chai cha Anatory. Inyanyue wewe mwenyewe, ukiwa na mkoba wako wa kuzalishia umefungwa kwenye keria, kwa sababu kuna siku utavuka nao tope ukiwa umeibeba. Magurudumu madogo hutumbukia kwenye kila shimo ambalo makubwa yangelipita juu, kwa hiyo mwambie akufungie matairi manene, na usiyajaze upepo mpaka yawe mawe, vinginevyo kiuno chako ndicho kitakacholia. Jaribu breki za mbele na za nyuma kwenye mteremko, si mbele ya duka. Mimi nilikwenda kuijaribu uwanjani kwake ulipokwisha kuirudisha, kwa ajili yako, na umri wangu huu; breki ya nyuma inashika vizuri, ya mbele inashika mno, na Anatory amenipa pole.

Halafu funga kengele. Kengele nzuri, ya sauti. Anayetaka kukusikia utampigia, asiyetaka utapita kimya. Hilo tu ndilo ulilokuwa umelikosa, kuchagua. Akina Klaudia waonyeshe baiskeli mpya mapema pale zahanati, wapige kengele wenyewe, waizoee kabla uchungu haujaanza. Josia usimkasirikie, mume anayesikiliza mteremko mzima ili ajue mkewe yu hai hapatikani kila nyumba. Mpigie kengele juu ya mlima na umpigie tena chini. Na umwambie siku nyingine aanze na hilo la mtaroni, hayo ya kuchekwa ayaache.

Kuhusu kikao, usibishane na kura. Kijiji kimesema Redio ni mali yake, basi kikabidhi. Mkabidhi Ndugu Byabato mbele ya watu wote, na uombe kwa heshima kwamba yeye ndiye awe anaipanda kila asubuhi kwenda shamba la ujamaa. Hapo kila mtu atajua mwenyekiti amefika saa ngapi, na ameondoka saa ngapi.

Lakini hayo yote yangoje. Kesho asubuhi nenda tena kwa Joviana; neno hili nalo nimempa dereva akufikishie kabla ya gazeti. Nenda kwa miguu, pitia vibanjani, beba mkoba peke yake. Bisha taratibu. Akifungua, hata kama ni nusu, mwamkie, sema, "Nisamehe," kisha nyamaza, nawa mikono, usikilize mapigo ya moyo wa mtoto, umpime presha, utazame ile miguu. Kama presha imepanda, usiombe ushauri kwa mtu yeyote; mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na Karugendo aende naye. Akikuuliza habari za baiskeli, mjibu. Asipouliza, usiitaje.