Sauti ya Mama Kwenye Kinanda

Tawa, 14 Agosti 1998

Kwako Baba Kioko, huko Mtito Andei,

Sisi wazima, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Kile kinanda cha kanisa kinachorekodi sauti hatimaye kimenitii. Nilirekodi vigelegele vya mama yako ili nivipige kwaya ikiimba. Kumbe nikibonyeza vitufe vya kushoto, mama analia kama fahali, na vya kulia, kama kifaranga! Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilihangaika siku mbili kabla ya kupata kitufe kinachotoa sauti yake ya kweli.

Kisha nikaweka vigelegele vijirudie bila kukoma. Mama akakasirika. "Wee Mumbua, kwani mimi sipumui?" Ikabidi nimrudishie pumzi yake.

Mpenzi, ule uvimbe wa kooni mwa mama yako umezidi. Atapasuliwa Alhamisi ijayo, na daktari amesema sauti haitarudi. Mama alinikataza kukuambia, eti utaacha kazi. Lakini jana alikuja kanisani mwenyewe, akaniambia niwashe kinanda, akakuita kwa jina lako vile anavyokuita siku zote kutoka mlango wa jikoni chakula kikiiva: "Ndeti-ii!"

Nikamuuliza kama niifanye ijirudie. Akasema hapana, wewe tangu utoto wako huitwa mara moja tu, unaitika.

Nimeiacha hivyo. Njoo uitike kabla ya Alhamisi, angali anaweza kukujibu.

Mkeo anayekungoja,
Mumbua